Mkurugenzi wa Yokohama

Yokohama, 15 Oktoba 2018

Kaka Malek,

Assalaam alaykum. Natumai mgongo umekuachia na wifi hajambo. Sisi wazima, ila mimi usingizi umepaa.

Imekuja barua ya ofisi ya usajili wa makampuni. Tangu tuifungue kampuni yetu ya kusafirisha magari yaliyotumika, mwaka 2006, hatujaandikisha badiliko lolote. Sheria ya huku, mkurugenzi akimaliza muda, wanahisa wakae wamchague tena, hata akiwa yuleyule, kisha iandikishwe. Mkurugenzi ni wewe, na muda wako ulikwisha zamani. Tusipoandikisha kabla ya katikati ya Desemba, kampuni itahesabika imevunjwa, na kibali changu cha kuishi Japani kinategemea kampuni hiyo.

Nikaipeleka kwa wakili, akashangaa: kwa nini hamkupiga kura? Nami nikamuuliza: Mdogo atamwitaje kaka yake kikaoni, amuulize kama bado anafaa kuwa mkubwa?

Mdogo wako,
Ummukulthum


London, 18 Oktoba 2018

Dada Ummu,

Waalaykum salaam. Mgongo uko palepale. Wifi yako mzima, anakucheka kwa kumwogopa mtu kama mimi.

Nimekwenda mpaka Queensbury kwa Vinod, mhasibu, yule mzaliwa wa Mombasa. Akasoma baruapepe yako, akavua miwani. "Bwana Malek, pole sana. Wewe ni marehemu anayetia sahihi." Mkewe alicheka hadi chai ikamwagika. Nami nikacheka, kisha sambusa ikanishinda kumaliza, jambo ambalo hapa London halijawahi kushuhudiwa.

Basi nichagueni haraka! Najua, mkurugenzi gani huyu, Kijapani chake kinaishia Toyota. Lakini ndiye mliye naye. Leta karatasi nitie sahihi. Tangu jana sikai wala sisimami.

Kaka yako,
Malek


Yokohama, 9 Novemba 2018

Kaka,

Salamu zangu na za watoto, tunakuombea afya.

Karatasi hizi hapa. Wakili ameandika yote isipokuwa jina la mkurugenzi. Nimemwomba mimi apaache wazi. Usinikasirikie. Magari nanunua mimi, kodi nashughulikia mimi, mnadani wananijua mimi. Wakiuliza mwenye dhamana, nasema yuko London, amelala. Nilidhani ndiyo heshima. Sasa naona siku ukiugua, au tukisahau tena, mimi na watoto tunafungasha.

Hisa nyingi ni zako. Bila kura yako siwezi. Ukitaka kuandika jina lako, andika. Sitalitaja tena.

Mdogo wako,
Ummu


Yokohama, 28 Novemba 2018

Kaka, hujambo? Wifi anasema hujambo. Simu zangu hupokei. Wakili ananiuliza kila asubuhi kama karatasi zimerudi. Kaka, siku zinakwisha.

Ummu


London, 2 Desemba 2018

Dada Ummu,

Salamu za mtu mwenye haya. Sikuugua. Nilinuna. Mvi hadi masikioni, nikanuna kama mtoto aliyenyimwa kaimati. Nimezunguka mtaa wetu wa Thornton Heath wote, nimepanda tramu ya Croydon bila shughuli, karatasi zako ziko ndani ya koti. Msikitini wananiita Mkurugenzi, Ummu. Ulidhani ni rahisi?

Jana wifi yako akaniwekea sahani mezani, akasema, "Ukimaliza kuwa mkubwa, mpigie mdogo wako." Akaondoka zake. Chakula kikapoa, nami nikapoa.

Nimeandika jina lako. Nimelikoleza hadi karatasi ikakaribia kutoboka. Wasafirishaji wameshakichukua kifurushi, na mimi nakifuatilia kwenye simu kila nikikohoa. Sasa hivi kiko uwanja wa ndege. Tangu asubuhi kiko uwanja wa ndege! Wanakifanya nini?

Kaka yako, sasa mwanahisa tu,
Malek


Yokohama, 10 Desemba 2018

Kaka yangu,

Assalaam alaykum. Natumai leo umekula ukashiba.

Kifurushi kilifika. Nimekwenda kuandikisha mwenyewe, wakili nikamwacha nje. Karani akauliza, mkurugenzi ni nani? Nikasema, "Mimi." Sauti ilitoka ndogo mno, akainama asikie.

Nikasema tena.

Ummukulthum