Ndimu Juu ya Kaunta Yako

Umetimia mwaka, Mzee Ndimu, tangu ulipotutoka ukaacha kaunta ya watu imelala karakanani, juu inang'aa na chini bado mbao tupu. Wengine walitaka tutoe tangazo hili mapema, mkeo akakataa katakata. Ulituzoeza kwamba fundi hasifiwi siku ya kukabidhi kazi. "Nisifuni baada ya mwaka," ulikuwa ukisema, "mbao ikishapita mvua na jua bila kujikunja." Basi tumengoja.

Tunakumbuka ndimu zako. Kila kazi kubwa ikitimiza mwaka ulikwenda kuikagua, ndimu mfukoni. Unaiweka katikati ya meza ya mteja, unarudi nyuma, unafunga mikono kifuani. Ikitulia unacheka peke yako. Ikibingirika unarudi na randa kabla hujaulizwa. Pima maji ulikuwa nayo, nzuri tu, lakini ulisema ile haina utani. Sokoni ulichagua ndimu kama mtu anayetafuta mkwe, ukizizungusha juu ya meza ya yule mama muuzaji mpaka akuulize kama unanunua au unacheza. Jina lilianzia hapo, nawe uliliitikia kwa furaha.

Hukuweza kupita mlango unaokwaruza ukauacha hivyo hivyo. Ulikuwa tayari umeshaung'oa kwenye bawaba, mwenye nyumba bado anakukaribisha chai. Tukialikwa kula mahali, kwanza uliinama kuichungulia meza kwa chini, na mkeo akakuvuta shati mbele za watu.

Halafu ikaja ile kaunta ya baa. Ulizipanga mbao za mninga sakafuni, ukazigeuza, ukazibadilisha nafasi, ukazirudisha, mpaka mistari yake ikaelekeana. Kaka yako, dereva wa lori, akakuuliza, "Unaunga mbao au unasuluhisha ndugu?" Ukamwambia ndugu ni rahisi, unawafungia chumba kimoja basi. Siku ya gundi na vibanio ulitukataza hata kupiga chafya. Gundi ilipokauka, ukucha ulipita juu ya maungio yote bila kukwama popote.

Upande wa juu uliumaliza. Ulikuwa ukijiandaa kupiga vanishi chini vile vile, tabaka kwa tabaka, na mkeo akaanza wimbo wake wa miaka yote. "Vanishi yote hiyo ataiona nani? Kuna mtu anakunywa amelala chini ya kaunta?" Ukamjibu, "Wapo, ila sipigi kwa ajili yao." Ukaeleza tena, kama kawaida, kwamba ukiivisha mbao upande mmoja, ule ulio wazi unafyonza unyevu na kaunta nzima inapinda. Hukupata nafasi ya kuigeuza.

Baada ya mazishi mwenye baa alikuja, kwa adabu kabisa. Siku ya kufungua ilikuwa imekaribia. "Mama, chini hakuonekani. Niichukue hivi hivi, hata mwenyewe angeelewa." Binti yako, uliyemfundisha kushika randa kabla hajajua kusuka nywele, alikuwa karibu kukubali, maana alikuwa amechoka sana. Mkeo akaitazama kaunta, kisha akasema, "Asingeelewa hata kidogo. Hii ndiyo kazi yake ya mwisho, na haitapinda. Igeuzeni."

Tuliigeuza, majirani na mwenye baa pamoja, naye akiwa na shati lake la pasi. Kaka yako anadai mgongo haujapona mpaka leo, ingawa sote tunajua ulimuuma tangu zamani. Binti yako akapiga msasa na vanishi. Mkeo alifuta vumbi kwa kitambaa, akilia na kukugombeza kwa sauti: "Haya, umeshinda. Umefurahi sasa?"

Mvua za mwaka huu zilikuwa nyingi kupita kiasi. Kila iliponyesha, mkeo alisimama dirishani akiiwaza ile kaunta, wala hakukubali kukanyaga baa kabla ya wakati. Binti yako aliogopa zaidi. "Ikijikunja, mama, wewe utasema nini, na mimi nitashika randa kwa mkono gani?" Mkeo akampakulia chakula.

Juzi tukaenda. Yule muuzaji wako alimwacha mkeo azungushe ndimu zote alizotaka, hakumuuliza kitu. Kule baa wanywaji walisogeza glasi zao, mwenye baa akazima redio. Mkeo akaiweka ndimu katikati, juu ya ungio lenyewe, akarudi nyuma, akafunga mikono kama wewe. Ndimu ikatikisika kidogo, tukabana pumzi. Ikatulia.

Binti yako aliinama chini ya kaunta. Tulidhani anakagua vanishi, kumbe analia huku anacheka. Mteja mmoja akanyoosha mkono, akauliza kama ndimu ile ni ya kinywaji.

"Ni ya mume wangu," mkeo akamwambia. "Iache hapo."

Tunaokukumbuka ni mkeo, ambaye sasa naye anachungulia meza za watu kwa chini; binti yako, fundi wa karakana yako; kaka yako na mgongo wake; wajukuu, ambao wamemaliza ndimu zote jikoni kwa kupima vitanda; mwenye baa, na mama wa ndimu.

Mwaka umepita, Mzee Ndimu, na kaunta yako imenyooka. Sasa tunakusifu, na hatutaacha.