Mafaili Arobaini na Moja Yasiyo na Majina

Jumatano, Kamembe. Mvua ya asubuhi imeacha matope mpaka mlangoni pa duka, nami nimeamka na hasira ya jana.

Jana Maman Furaha, mfanyabiashara wa Bukavu, alileta diski yake nimwongezee picha za harusi. Mstari wa kunakili kwenye skrini ulipofika mwisho, akachomoa waya mwenyewe. Eti mpaka wa kurudi Bukavu unafungwa. Nilishamwambia angoje, maana mstari unaweza kufika mwisho huku Linux, mfumo wa kompyuta yangu, bado inaandika.

Leo karudi. Folda ya nyimbo za marehemu mama yake haifunguki, na nakala nyingine hana.

"Papa Eli, mashini yako imekula mama yangu!"

Mbele ya wateja wanne.

Miaka sita nimejifundisha kazi hii peke yangu, bila mwalimu, na lawama za watu ndizo diploma yangu. Nikaichukua diski.

Kwanza nikanakili diski nzima, pamoja na ubovu wake: ikachukua muda wa saa mbili na dakika kumi. Halafu nikaendesha fsck, programu ya kurekebisha diski, juu ya nakala ile tu. Ikaokota mafaili yaliyopoteza folda yao, ikayarundika kwenye lost+found, folda ya vilivyopotea vikaokotwa. Arobaini na moja. Hakuna lenye jina, kila moja ni namba tupu.

Hapo hasira ikanitoka, nikaanza kutaka kujua.

Nikayapanga. Ishirini na tisa madogo, yanalingana: picha. Kumi na mawili makubwa: nyimbo, na namba zao zinafuatana bila pengo. Basi yaliingia diskini kwa mpangilio, moja nyuma ya lingine.

Nikamuuliza Maman Furaha anatafuta upi hasa.

"Ule wa Mashi, lugha yetu. Aliimba peke yake, wa mwisho siku ile ya kurekodi."

Nikafungua namba ya mwisho kati ya zile kumi na mbili. Kikohozi. Halafu sauti ya mama mzee, nyembamba, haina haraka.

"Njo yeye, ndiye!" Akakaa chini, akicheka huku anafuta macho kwa kitenge. "Siku zote alikohoa kwanza."

Katikati sauti ilikatika sekunde kumi na moja, kisha ikarudi.

"Acha, Papa Eli. Pale alikuwa anavuta pumzi."

Ameondoka na wimbo wake, ameridhika. Mimi sijaridhika.

Sekunde kumi na moja? Hakuna muntu anayevuta pumzi hivyo. Nakala ya diski bado ninayo. Sekunde zile zimelala wapi?