Mishumaa ya Mama Winnie

Ngorongoro, 3 Juni 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, ila baridi ya huku juu ya kreta inaingia hadi kwenye mifupa. Kifua chako kinaendeleaje?

Tangu nisikie baba mdogo Bartolomeo amekukatia umeme, sina raha. Baba hata mwaka hajamaliza kaburini, na mdogo wake anataka utoke ili achukue shamba! Nimemwomba meneja wa hoteli vipande vya mishumaa vinavyobaki kwenye meza za wageni, maana vilikuwa vinatupwa. Dereva wetu Joel atakuletea mfuko pamoja na barua hii, kwa kuwa simu huko haishiki. Viyeyushe, usikae gizani. Ila ukichoka, mama, njoo kwangu.

Bintiyo,
Winnie

Endabash, 16 Juni 2024

Mwanangu Winnie,

Marahaba. Milele amina. Kifua kimetulia, namshukuru Mungu.

Vipande vyako vilikuwa vichafu! Masizi, njiti za kiberiti, hata mchuzi wa wageni. Nilivikwangua nikavitia kwenye kopo, kopo nikaliweka ndani ya sufuria ya maji ya moto. Nta ikayeyuka polepole, uchafu ukazama. Nikachuja kwa kipande cha khanga kuukuu. Jirani yangu Blandina akaleta vikonyo vya majani ya mpapai, vile vyenye uwazi kama bomba. Tukapitisha uzi wa pamba katikati, tukamimina. Nta ikiganda unachana kikonyo, mshumaa unatoka umenyooka kama askari.

Baba yako mdogo alipoona dirisha linawaka, akaja. "Shemeji, hujachoka na giza?"

Nikamjibu, "Giza lipi? Aliyesimama gizani ni wewe."

Akaondoka bila kuaga. Niletee vingine.

Mama yako

Ngorongoro, 20 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. U hali gani? Barua yangu ya Julai hukuijibu, na leo Joel amerudi na habari kwamba jiko limeungua na mkono wako pia. Baba mdogo amemwambia wewe ndiye uliyezembea na nta.

Basi, mama. Inatosha. Nyumba si roho. Nimekupatia chumba Karatu mjini, karibu na kanisa. Jumamosi Joel atakuja kukuchukua. Funga mizigo.

Bintiyo,
Winnie

Endabash, 2 Septemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Anayeandika ni Blandina, maneno ni yangu. Mkono unapona, usilie tena.

Sikuzembea. Nta ilikuwa inayeyuka ndani ya maji yake, imetulia. Shemeji aliingia bila hodi, akanyakua kopo akalimwaga mekoni. "Tuone utawasha nini!" Moto ukaruka hadi kwenye nyasi za paa. Mimi niliungua nikivuta magunia ya mahindi nje. Majirani walizima, nyumba kubwa ikapona. Blandina aliona yote akiwa mlangoni.

Ukoo ukakaa kikao. Shemeji akasema, "Huyu mwanamke ataunguza urithi wote. Aende kwa binti yake." Blandina akasimama akaeleza alichokiona. Nami nikasimama, nikafungua bandeji mbele yao. "Bartolomeo, mkono huu umemuuguza kaka yako hadi mwisho. Umelima shamba hili wewe hujaoa bado. Ukitaka nitoke, nibebe."

Hakuna aliyenibeba. Wazee wakamwambia asikanyage tena uani kwangu. Umeme hajarudisha, nami simwombi.

Usimlaumu Joel kwa kurudi na gari tupu. Alinikuta nakanda udongo wa ukuta kwa mkono mmoja, akavua shati akanisaidia. Chumba cha mjini mpe mwenye shida.

Ukija Krismasi, usibishe hodi jikoni. Mlango uliungua. Ingia tu, ni kwenu.

Mama yako,
nipo hapahapa