Gari la Ibtihal

Mtaa wa Wauza Pamba, ghorofa ya tatu,
Damanhur.
Jumamosi, 20 Aprili 2019

Mpendwa mwanangu Rushdi,

Pokea salamu zangu nyingi, na za paka wa ngazini ambaye bado anakungoja umpe samaki. U hali gani huko Trieste? Kifua kimepona? Unapika, au unashindia mkate mkavu? Sisi wazima. Sukari yangu imetulia, goti tu ndilo halitaki amani. Haya, nimeshakujulia hali, sasa tafuta mahali ukae. 

Unalikumbuka lile gari. Unakumbuka tulivyolia kwa furaha serikali ilipotusamehe kodi na ushuru wote, gari jipya la kiwandani, kwa ajili ya miguu ya dada yako. Sharti lilikuwa jepesi: gari ni la Ibtihal, linambeba Ibtihal, na kaka yake Mahrous ndiye dereva. Nani angelikataa sharti kama hilo?

Ibtihal alilipanda mara moja, siku lilipokuja. Tukazunguka mtaa, tukarudi. Baada ya hapo mgongo wa Mahrous ukawa unauma kila ngazi zikitajwa. Lakini gari halikulala. Lilimpeleka mkewe kwa msusi, likabeba vitunguu vya mkwewe, likapeleka watoto shule. Ibtihal alikuwa akikaa roshani, akiteremsha kikapu kwa kamba kununua nyanya zake, nami nikidhani anapunga upepo. Kumbe alikuwa akiliangalia gari lake likiondoka.

Alhamisi Wahid, shemeji yake Mahrous, alioa. Gari likapambwa maua na riboni. Ibtihal akavaa gauni la buluu, akajipaka wanja, akakaa kwenye kiti chake cha magurudumu karibu na mlango. Mahrous akaingia jasho likimtoka. "Dada, gauni la bibi harusi peke yake linataka kiti kizima. Tulia, nitarudi kukuchukua." Nami nikateremka na wenzangu. Nilipanda gari la nyuma pamoja na Hajjat Saniyya, mama wa bibi harusi.

Karibu na daraja trafiki wakatusimamisha. Namba za magari yaliyosamehewa kodi wanazijua. Tukateremka kuona kuna nini, tukamkuta afisa ameinama dirishani kwa Mahrous. "Mwenye gari yuko wapi?" Ndugu yako, Mungu amsamehe, akageuka akamwonyesha bibi harusi. "Huyo hapo, Afande. Maskini hawezi kusimama. Si unaona gauni lilivyofunika miguu?"

Rushdi, sikia sasa. Hajjat Saniyya alikuwa bega kwa bega na mimi, amesikia kila neno. "Nani hawezi kusimama? Binti yangu? Mbele ya wakwe zake?" Akafungua mlango, akamshika bibi harusi mkono. "Nihad, shuka. Shuka ucheze, wakuone miguu." Na mtoto wa watu akacheza, katikati ya barabara, wanja ukimchirizika mashavuni, na wapiga ngoma wasio na akili wakampigia. Afisa mwenyewe aliduwaa. Mimi nimekula chumvi nyingi, lakini jambo kama lile sijapata kuliona.

Afisa alipozinduka akasema, "Twendeni kwa mwenye gari. Kama hakuwatuma, nalichukua." Tukarudi msafara mzima, ngoma kimya. Mtaa wote ukatoka madirishani.

Ibtihal alikuwa roshani, bado na gauni lake la buluu. Mahrous akapaza sauti kutoka chini. "Dada yangu, ua langu, mwambie Afande kwamba wewe ndiye uliyetutuma." Ni neno moja tu lililohitajika. Niliomba moyoni alitamke, maana gari hili likichukuliwa, jingine hatulipati.  Ibtihal akateremsha kikapu.

"Tia funguo humo, Mahrous."

"Funguo za nini tena?"

"Za gari langu. Au ni la bibi harusi?"

Watu wakaangua kicheko, naye akazitia. Kikapu kikapanda polepole, sote tumekikodolea macho. Alipozishika akamwambia afisa, "Afande, sikuwatuma. Gari ni langu na nimelipanda mara moja tu. Ukitaka kulichukua, lichukue, kwangu ni yale yale."

Hakuna aliyecheka tena. Afisa akavua kofia yake. "Na ungepata wa kukuendesha, binti yangu, ungetaka kwenda wapi?"

"Kwa baba."

Baba yako ana miaka minne kaburini, na kati yetu sote ni Ibtihal peke yake ambaye hajawahi kufika. Kila Idi tunakwenda, tunarudi, tunamletea salamu. Mimi niliyemzaa halikunijia akilini hata siku moja kwamba naye alitaka kwenda. Niliketi palepale ukingoni mwa barabara na nguo zangu za harusi, nikaona aibu.

Afisa akatuambia, "Leo mwenyewe nimemwona. Nikilikuta tena bila yeye, sitauliza swali." Bibi harusi alifika ukumbini kwa bajaji, na Hajjat Saniyya mpaka leo hapokei simu zetu.

Jana Ijumaa Mahrous alimbeba Ibtihal mgongoni ngazi zote, na mgongo haukulalamika. Hakuna aliyekumbuka kuondoa riboni. Tukaingia makaburini na maua ya harusi, watu wakidhani tumerukwa na akili. Ibtihal akateremsha kioo, akasoma Fatiha mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba, ni mimi. Nimekuja na gari langu." Mahrous aliinamia usukani akalia. Nilimwacha alie.

Funguo sasa zinakaa kikapuni, kule roshani. Anayetaka gari, kwanza ambebe mwenyewe.

Nisalimie mkeo Loredana na umbusu mjukuu wangu Hisham. Shangazi yako Bahiyya anakusalimu, na Mahrous pia, ingawa uso bado ameuinamisha. Mungu akufungulie kila mlango na akurudishe kwetu ungali mzima. Ibtihal anasema siku ukija atakupokea mwenyewe uwanja wa ndege, na utakaa kiti cha nyuma.

Mama yako akupendaye,
Fawqiyya