Kijani cha Kisimani Mkunazini

Morogoro, 2 Februari 2024

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, sijui goti lako linaendeleaje. Naandika kwa kuwa simu huisikii vizuri.

Unakumbuka kile kijani nilichobandua ukutani mwa kisima cha uani, ukanicheka kwamba nabeba uchafu? Ni mmea adimu, Mama, aina ya kuvumwani, vile vijani vidogo vinavyoota kwenye mawe mabichi. Unajulikana kuota milimani huku bara tu, penye baridi na ukungu. Huko Unguja nilizunguka msitu mzima wa Jozani nisiupate. Lakini mwalimu wangu, Dokta Silima, haamini kuwa umetoka kwetu. Anasema nimeuchuma bara nikazua. Ana mkutano Unguja mwezi huu, atapita nyumbani apaone mwenyewe. Asiporidhika, shahada sina. Mimi nafundisha wanafunzi wapya hapa chuoni, siwezi kuja. Usijisumbue kwa lolote, mwonyeshe kisima tu.

Mwanao,
Thuwaiba

Unguja, 24 Februari 2024

Mwanangu Thuwaiba,

Marahaba, Mungu akukuze. Goti liko vile vile, tunashukuru.

Mgeni wako kaja jana. Eti nisijisumbue! Mwalimu wako aje akute kisima kina utelezi, mimi niweke wapi uso? Nilimwita Haroub, jirani yetu, akasugua ukuta mzima kwa brashi ya waya, kisha tukapaka chokaa mpaka ndani. Pamependeza mno. Nikapika pilau.

Aliinama kisimani, akapitisha kidole kwenye chokaa. Akaniuliza, "Mama, hapa palikuwa na kijani chochote?" Na Bi Ulfat wa nyumba ya pili kakaa pale pale, mdomo wake unaujua. Nikamjibu, "Dokta, kwangu hapajaota kitu tangu niolewe." Akashukuru, akaondoka, hata pilau hakumaliza. Watu waliosoma hawali.

Matokeo yakitoka niandikie haraka, majirani nimeshaanza kuwaambia.

Mama yako

Morogoro, 20 Machi 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Natumai funga inakwenda salama.

Dokta Silima amesifu sana usafi wako. Nilikosea mimi, Mama. Kile kijani hakikutoka kwetu. Wakubwa wa chuo waliniita, wakaniuliza kama nina la kujitetea, nikasema sina. Wamenifutia masomo. Nimelia sana, sikufichi, lakini wewe usilie. Narudi nyumbani baada ya Idi.

Majirani wakiuliza, waambie nimeshindwa. Nami nitawaambia hivyo hivyo.

Mwanao,
Thuwaiba