Jino Nisilotaka Kulipokea

Naivakula, 3 Machi

Kwa binamu yangu Laitia,

Salamu kwako na kwa kitambi chako cha ofisini. Sisi huku tunapumua, isipokuwa mdogo wangu Eroni. Daktari amesema miguu yake imekwenda na haitarudi.

Waisake, yule mvuvi mwenye boti, ndiye aliyemvisha tangi la hewa, ambalo sheria imekataza, akamzamisha kuokota majongoo bahari kwenye mwamba tulioufunga siku mia kwa msiba wa chifu. Na mlinzi wa mwamba, yaani mimi, alikuwa akikoroma kivulini adhuhuri kweupe. Nilipoamka, Waisake na watu wake wanamvuta Eroni ndani ya boti, tangi mgongoni, miguu imekufa kwa kupanda juu haraka mno kutoka kilindini. Nicheke, kisha unisikilize: nataka serikali iichukue boti hiyo. Nimwone Waisake kasimama ufukweni hana cha kupanda.

Shida ni kwamba ananitafuta na jino la nyangumi aniombe radhi. Unazijua mila zetu: nikilishika tu, ugomvi umezikwa. Basi namkimbia. Jana nimeshinda bandani na nguruwe.

Binamu yako,
Sairusi

Suva, 12 Machi

Binamu Sairusi,

Kitambi kimepokea salamu. Nguruwe nao wanaendeleaje baada ya kukaa na wewe?

Nimewauliza wakubwa wangu hapa idara ya uvuvi. Kesi ni tarehe pili Aprili. Boti itachukuliwa iwapo mlinzi wa mwamba ataapa kwa maandishi alichokiona. Bila hicho kiapo, Waisake anarudi baharini.

Lakini ndugu yangu, umri wetu si wa kujificha mabandani. Pokea jino, upumzike. Kisasi hakitamsimamisha Eroni.

Binamu yako,
Laitia

Naivakula, 27 Machi

Binamu Laitia,

U mzima? Eroni anakusalimu, na magimbi anayala kunishinda. Ushauri wako niliusoma mara mbili, nikaukasirikia mara tatu.

Jumapili nilikuwa namgeuza Eroni mkekani, akaingia mama yake Waisake, akapiga magoti na lile jino. Bibi wa miaka themanini nimkimbie vipi, nami nimembeba mgonjwa?

Eroni akasema, "Pokea, kaka. Mama wa watu kavuka kilima kizima."

Nikapokea, nikapiga makofi ya heshima. Bibi akalia, nami, aibu yangu, nikalia kumzidi. Kisha akafuta macho akauliza, "Basi boti imepona, mwanangu?"

Nikamwambia, "Mama, miguu ilikuwa yetu, tumeisamehe kabisa. Mwamba ulifungwa kwa ajili ya marehemu. Radhi ya huo nendeni mkaiombe kaburini."

Akanitazama sana. Sikuinamisha macho.

Kiapo changu kimo humu ndani ya bahasha. Wachukue boti, injini, na nanga yake. Siku nikikutana na Waisake nitamwamkia kwa upole, kama inavyompasa aliyesamehe, nimuulize kama amekuja kwa miguu.

Binamu yako,
Sairusi