Sufuria ya Mboga na Kisanduku cha Tatu

Kwa Kukhu, Lubao,
S.L.P. 2207,
Kakamega.
18 Mei 2025

Mpendwa Mike,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani, wewe na Chepng'etich na yule malkia mdogo aliyetukimbiza sote kabla hata hajaota jino. Je, mko salama? Kifua chako kimeizoea baridi ya Edmonton? Na Chepng'etich anapata usingizi sasa, au bado anatembea sebuleni na mtoto begani? Kuna mtu wa kumpikia uji, au ni wewe na ule wako wa mabonge?

Mimi senje wako, shangazi yako wa damu, sijambo, ila goti la kushoto limejiajiri idara ya hali ya hewa: linajua mvua kabla ya redio. Kukhu naye, bibi yako, ni mzima. Kifua kilimbana mwezi uliopita, lakini sasa anakula obusuma yake, ugali mgumu kama zamani, na kunung'unika kwamba mboga haina chumvi, ndipo tukajua amepona.

Barua hii inaletwa na Adhiambo, yule nesi wa mjini anayehamia huko kwenu. Usishangae kupata karatasi wakati simu ipo. Simu ya boma letu unaijua: ukimsalimu mmoja, wanaitikia wote. Na jambo nililo nalo si la kuitikiwa na wote. Ni kuhusu siku ile ya kumpa mtoto jina. Wewe uliiona kupitia kioo cha simu, kipana kama kiganja. Nataka ujue yaliyokuwa pembeni ya kioo hicho.

Kwanza nikwambie kwamba vile visanduku vyako vitatu vya waifai vimeniacha mdomo wazi, na unajua mimi si mtu wa kuacha mdomo wazi kama hakuna chakula. Cha kwanza kiko kwa baba yako, panapoingia waya. Cha pili kiko jikoni kwangu. Cha tatu kiko kwa Kukhu, juu ya meza iliyo chini ya dirisha. Kati ya jikoni kwangu na kwa Kukhu hakuna waya hata uzi. Nilipita hapo katikati, nikapunga mkono hewani, sikugusa kitu. Hata hivyo sauti yako kutoka Kanada ilikuwa inapita papo hapo, juu ya kunde nilizoanika, bila kutikisa hata jani. Zamani moto ukituzimikia tulitumwa kwa jirani na kigae kuomba kaa, na kaa moja liliweza kuwasha majiko ya kijiji kizima. Visanduku hivi hupokezana vivyo hivyo, ila hakuna anayeungua vidole.

Baba yako, kaka yangu Cornelius, amestaafu ualimu mkuu lakini ualimu mkuu haujamstaafu. Siku ya kuviweka alituita sote tusimame, akatoa amri: "Hii waya isiguswe! Si kwa kufagia, si kwa kuchaji simu, si kwa mvua. Mama, umesikia? Waya isiguswe." Kukhu akajibu amesikia. Kumbuka jibu hilo.

Sasa shida ikaanza. Asubuhi kisanduku cha Kukhu kilikuwa kizima kabisa, hata aliweza kuangalia mazishi ya watu asiowajua na kuwalilia. Ikifika alasiri, kinakufa. Na alasiri ndiyo tuliyoihitaji. Asubuhi yetu nyinyi mko usiku wa manane. Usiku wetu nyinyi mna nafasi, lakini Kukhu alikataa: majina ya waliotangulia hayaitwi jua likishazama, kwa sababu gizani anaweza kuitika ambaye hakuitwa. Kwa baba yako pia alikataa kwenda. Jina hutolewa nyumbani kwa mzee, si kwa mtoto wake. Nazo bando za simu huku kwetu bondeni hushika kama mtu anayesinzia kanisani. Ikabaki alasiri, na alasiri ya Kakamega mwezi wa tano wewe unaijua.

Sikwambii habari za mtoto wako mwenyewe, lakini nataka ujue zilivyofika huku. Analia tangu kitovu kilipokauka, hospitali hawaoni ugonjwa, mama yake amebaki macho. Kukhu alisema palepale: kuna mtu wetu anataka kuitwa. Akaacha kulala. Ile mara ya kwanza tulipojaribu, ngurumo ilipopiga sote tulikimbilia mahindi uani tukamwacha na simu mezani. Tuliporudi mvua ilipokatika, simu ilikuwa imegandisha uso wa mtoto, mdomo wazi, analia bila sauti. Kukhu alikuwa ameketi anautazama. Aliniuliza, "Jescah, huyu ataendelea kulia hivi mpaka lini?" Nikamwambia ni picha tu. Usiku huo nilisikia kikohozi chake kimerudi, nikaogopa tutapoteza jina pamoja na anayelijua.

Basi tukaanza uchunguzi. Baba yako alilaumu kampuni, akaipigia simu kwa Kiingereza cha gwaride. Fundi Swaibu akaja kutoka Mumias, lakini alikuja asubuhi, na asubuhi kila kitu ni kizima. Akanywa chai, akasema mtandao uko sawa, akaenda. Tukamwita tena, akaja tena asubuhi, akanywa tena chai. Safari hiyo alishuku stima, akaviunganisha visanduku na betri ya sola. Stima ikipotea sisi tunang'aa, lakini alasiri cha tatu kikafa vilevile. Baba yako akashuku mabati. Tukahamisha kisanduku changu kutoka kabatini hadi dirishani ili vionane uso kwa uso, na kweli asubuhi nguvu iliongezeka. Alasiri, kimya. Akashuku parachichi. Matawi mawili mazuri yalikatwa yakiwa na matunda, na Kukhu akanuna siku nzima. Parachichi halikuwa na hatia.

Mimi sina shule ya mambo haya. Nina macho tu, na ile programu uliyonionyesha kwenye simu, yenye maduara matatu ya kijani, moja kwa kila kisanduku. Nikaacha kutazama mbingu nikatazama maduara. Nikaona jambo: duara la tatu halingojei mvua. Linageuka jekundu mara tu ngurumo ya kwanza inapopiga, hata tone halijaanguka. Nikajiuliza, mvua gani hii inayonyesha kabla ya kunyesha? Nikamwambia baba yako. Akasema, "Jescah, wewe pika." Nikapika. Lakini siku ya jaribio la mwisho niliacha mahindi yalowe, nikaenda kuketi kwa Kukhu mapema.

Ulipopiga mbingu zilikuwa nyeusi tayari. Mlionekana wazi kwenye simu ya Kukhu pale mezani, Chepng'etich amembeba mtoto, mtoto analia. Ngurumo ikapiga upande wa msituni. Hapo ndipo nilipomwona mama yangu akiinuka, mzee anayeshikwa mkono kwenda msalani. Akafunika kioo cha ukutani kwa leso. Akafunga mlango. Kisha akachukua sufuria yake ya mboga, akaifudikiza juu ya kisanduku, taratibu, kama mtu anayefunika kifaranga. Duara likawa jekundu mkononi mwangu. Nyuso zenu zikaganda.

Nikapiga kelele, "Mama, unafanya nini?"

"Nafunika jicho."

"Jicho gani?"

"Hili linalong'aa. Radi hufuata kinachong'aa. Cornelius alisema nisiguse waya. Nimegusa waya?"

Hakuwa amegusa waya hata kidogo. Kila alasiri alifunika, na mvua ikikatika, jua likikaribia kuzama, aliiondoa sufuria kwa sababu alitaka kuchemshia kunde. Sisi tulikata parachichi.

Nilitaka kucheka, Mike, lakini nilimwona mikono. Ilikuwa bado imeigandamiza sufuria, kama inayomzuia mtu asitoke. Na sasa nakufikisha kwenye lile ambalo halikupaswa kusemwa kwenye simu. Wewe umesikia tu kwamba babu yako alikuwa na mke wa pili, Ayuma, aliyekufa kijana. Mlielezwa aliugua. Hakuugua. Alikuwa anachana nywele mbele ya kioo karibu na dirisha, alasiri kama hii, na Kukhu alikuwa mlangoni akimwambia aje ale. Radi ilipita dirishani. Mimi nilikuwa mdogo, Ayuma ndiye aliyekuwa akinibeba mgongoni Kukhu akienda shamba. Kukhu hakulitaja jina lake tena tangu siku hiyo. Watu walidhani ni ule wivu wa wake wenza. Mimi nilijua sivyo, lakini nami nilinyamaza.

Nikamwambia tu, "Mama, sufuria hiyo ndiyo inayomfungia mtoto njia. Ikikaa hapo, hatakusikia."

Akanitazama. Ngurumo nyingine ikapiga, karibu zaidi, vikombe vikalia kabatini. Baba yako akaingia mbio amelowa chepechepe, simu juu, akipiga kelele kwamba cha tatu kimekufa tena. Kukhu hakumtazama. Alinyoosha mkono wake mwenyewe, akainua sufuria. Akampa baba yako. "Shika. Na unyamaze." Mwalimu mkuu akasimama kando ya mlango amekumbatia sufuria ya mboga kifuani, maji yakimchuruzika, na akanyamaza kweli.

Kisha Kukhu akaniashiria niivute meza mbali na dirisha, akavuta kiti, akaketi katikati ya dirisha na kile kisanduku, mgongo wake kwa dirisha. Hapo ndipo mlipomwona tena. Na ndipo wewe ulipocheka ukasema, "Kukhu, mbona umekaa gizani? Geukia dirisha tukuone vizuri!" Sikulaumu, hukujua. Alikuwa ameliziba dirisha kwa mwili wake, ili radi ikija, imkute yeye kwanza. Mimi nilisimama hapo nikasahau hata kuomba. Nimeishi na mama huyu miaka yangu yote, na sikuwa nimewahi kumwona.

Majina aliyoita uliyasikia. Aliwaita wa mbali, akawaita wa karibu, mtoto akalia kwa kila mmoja kama anayemfukuza. Majina yakamwishia. Mlidhani mtandao umekatika tena alipokaa kimya kile kirefu; Chepng'etich hata aliuliza, "Kukhu, unatusikia?" Mtandao ulikuwa mzima. Alikuwa anatafuta nguvu. Radi ikamulika nyuma yake, nikaona kivuli chake ukutani, na akasema, "Ayuma."

Mwenyewe uliona. Sina haja ya kukueleza mtoto wako alivyonyamaza, macho yakazunguka kama anayemtafuta aliyemwita, kisha akapiga chafya. Chepng'etich akalia na kucheka kwa pamoja, akasema kwao jina likikubaliwa mtoto hupiga chafya. Basi pande zote mbili zikaridhika kwa mkutano mmoja, jambo ambalo sijawahi kuliona hata kwenye mahari. Mimi ni mtu wa mashaka, najua mtoto huchoka kulia na pua huwasha. Lakini nilikuwa katika chumba kile. Nilisikia jina lililofungiwa miaka mingi likitoka kinywani mwa mama, likapita juu ya kunde zangu, likavuka bahari, likafika na kutua juu ya mtoto kabla ngurumo haijaisha. Sijui niite nini hilo. Fundi Swaibu anasema ni masafa.

Kwa hiyo kwenye cheti cha kuzaliwa aendelee kuwa Emily. Nyumbani ni Ayuma. Akikua akuulize ni nani, usimwambie aliugua. Mwambie alikuwa anachana nywele, alikuwa mzuri, na alinibeba mimi.

Adhiambo amepakiwa ufuta, uyoga mkavu na leso ya Kukhu. Ni ile ya kufunikia kioo. Kioo nacho bado kiko ukutani, ila siku hizi hakifunikwi. Nilipomuuliza Kukhu kwa nini, alisema leso ni ya kumbebea mtoto, nayo itafanya kazi hiyo vizuri kuliko kufunika ukuta.

Jana ngurumo ilianza nikiwa jikoni. Nikatoa simu nikatazama. La kwanza kijani, la pili kijani, la tatu kijani. Ikapiga tena, paa likatikisika, na la tatu likabaki kijani. Nikachungulia kwa dirisha. Kukhu alikuwa ameketi peke yake mbele ya meza, sufuria iko jikoni kwake mahali pake, na kile kijicho kinawaka. Alikuwa anazungumza nacho, polepole, na mimi nikarudi kwenye ugali wangu bila kuuliza alikuwa anaongea na Ayuma yupi.

Baba yako anakusalimu, na anaagiza msimtumie tena kitu chochote chenye taa. Salamu kwa Chepng'etich, mwambie ameshapata senje wa kumtetea. Nanjala wa dukani anawasalimu pia, na anauliza kama waifai inaweza kufika kwake. Nimemwambia akate parachichi lake kwanza. Mungu awalinde mvua ikinyesha na isiponyesha, na kile kilichofunikwa kwa hofu akifunue kwa wakati wake.

Ndimi senje wako akupendaye, niliye bado na harufu ya kunde mikononi,

Jescah